Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mwenye Tatizo la Ukuaji wa Mifupa Apimwe na Masikio

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu, nne zinahusu jambo moja ingawa walioziandika hawajuani: watu waliozaliwa na tatizo la vinasaba linaloathiri ukuaji wa mifupa, na hali ya masikio yao. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa sababu katika miaka yangu ya kupima masikio nimeliona jambo hili likijirudia. Mtoto analetwa hospitalini, anapimwa urefu, anapigwa picha za miguu na mgongo, kichwa chake kinazungushiwa utepe, kisha anarudishwa nyumbani bila mtu yeyote kuchungulia ndani ya sikio lake. Wengi husahau kwamba sikio limejengwa ndani ya mfupa wa fuvu, na kwamba sauti haifiki ndani mpaka ipitie vifupa vitatu vidogo, yaani nyundo, fuawe na kikuku.

Swali: *Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arua. Kitinda mimba wangu ana miaka mitatu, na alipozaliwa tuliambiwa kwamba ana akondroplasia. Mikono na miguu yake ni mifupi na kichwa ni kikubwa kidogo, lakini ni mtoto mchangamfu. Shida yangu ni kwamba ana maneno machache sana, hayazidi kumi, na hata hayo tunayaelewa sisi wa nyumbani tu. Sikio lake la kulia hutoa usaha unaonuka, hukauka wiki mbili au tatu, kisha huanza tena. Usiku anakoroma kama mtu mzima. Mahali tulipokwenda tuliambiwa kwamba watoto wa namna hii huchelewa kila jambo, kwa hiyo tusubiri. Mama mkwe ananiambia nimdondoshee mafuta ya vuguvugu yenye kitunguu saumu, na anasema ugonjwa huu umetoka upande wetu. Je, nisubiri?*

Jibu: Mama, usisubiri. Aliyekuambia kwamba watoto hawa huchelewa alisema ukweli kuhusu kukaa, kusimama na kutembea, kwa kuwa kichwa ni kizito, misuli ni laini na viungo vimelegea, na wapo wanaotembea baada ya kutimiza miaka miwili bila ya hilo kuwa jambo la kutisha. Kusema ni habari nyingine. Akili ya mtoto mwenye akondroplasia kwa kawaida ni sawa na ya mtoto mwingine yeyote, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu mwenye maneno kumi lazima atafutiwe sababu, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni sikioni.

Akondroplasia huathiri mifupa inayoanza kama gegedu kisha ikageuka mfupa. Mifupa ya mapaja na ya mikono ya juu ndiyo inayoonekana kwa macho, lakini sehemu ya chini ya fuvu nayo hukua kwa njia hiyohiyo, na kwa sababu hiyo sehemu ya kati ya uso inakuwa ndogo na nafasi iliyo nyuma ya pua inabana. Huko nyuma ya pua ndiko unakofungukia mfereji mwembamba unaoingiza hewa katika sikio la kati. Mfereji huo ukiwa mfupi na umebanwa, na nyama za nyuma ya pua zikiwa zimejaza nafasi ndogo iliyobaki, hewa haipiti vizuri, ute unajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, na vijidudu vinapata makao. Kukoroma unakokusikia usiku kunatokana na ufinyu huohuo, nako kunahitaji kuangaliwa kwa haraka, hasa ukiona pumzi yake inakatika kwa muda kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu.

Ute huo mara nyingi hauumi. Mtoto halii, hashiki sikio, hana homa, na ngoma isipotoboka hakuna usaha wa kumwonyesha mzazi kwamba kuna jambo. Mlango ukigongwa kwa nguvu anageuka, redio ikipigwa juu anacheza, nasi tunasema anasikia. Fanya jaribio hili: ziba masikio yako kwa vidole, kisha mwambie mtoto wako mkubwa asimame nyuma yako na akutajie kwa sauti ya kawaida maneno *paka, taka, kata, pata*. Utasikia a-a, a-a, a-a, a-a. Irabu zitakufikia, lakini herufi zinazoyatofautisha maneno hayo zitapotea. Mtoto anayeishi hivyo miezi kwa miezi, katika umri ambao watoto hujifunza lugha kwa kuisikia ikirudiwa, atajengaje maneno yanayoeleweka na watu wa nje?

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo hapo Arua, umwone daktari au ofisa wa tiba wa masikio, pua na koo. Akihitaji vipimo visivyopatikana hapo, omba barua ya kwenda Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa iliyo Kampala, na kabla ya kufunga safari ya zaidi ya kilomita 450 ulizia siku ya kliniki ya masikio na kama mashine ya kupimia usikivu inafanya kazi, kwa maana nimewaona akina mama waliolala njiani wakafika siku isiyo yao. Mtaalamu atatazama ngoma ya sikio kwa taa, na kifaa kipo, mahali palipo nacho, cha kupuliza hewa kidogo sikioni ili kuona kama ngoma inacheza au imezuiwa na ute. Usikivu wenyewe, kwa umri wa mwanao, hupimwa kwa mchezo. Namkumbuka binti mmoja wa miaka sita mwenye akondroplasia ambaye tulimpa vizibo vya soda na kopo la bati, akaambiwa kwamba kila akisikia mlio atupe kizibo kimoja. Milio ya juu ilipopigwa, vizibo vililia koponi kimoja baada ya kingine. Nilipoishusha sauti, mkono wake ulibaki hewani ukiwa na kizibo, na macho yake yakahamia usoni mwangu kutafuta ishara. Hapo nilielewa jinsi alivyokuwa akiishi nyumbani na shuleni: alikuwa akisoma nyuso za watu, na alikuwa hodari wa kazi hiyo kiasi kwamba hakuna aliyemshuku.

Matibabu yapo. Usaha unaoendelea zaidi ya wiki mbili unahesabiwa kuwa ugonjwa sugu, na harufu unayoitaja inafanya nikuhimize zaidi, kwa sababu kuna aina ya uozo wa sikio la kati unaoweza kula vifupa usipotibiwa. Kwa sasa likaushe sikio angalau mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi kilichosokotwa, ukikitoa kikilowa na kuweka kingine mpaka kitoke kikavu, na maji ya kuoga yasiingie. Mafuta ya kitunguu saumu usiyatie. Ngoma iliyotoboka ni mlango wazi, na hata dawa za matone za dukani si zote zinazofaa kwa sikio la namna hiyo, kwani baadhi zinaweza kuudhuru usikivu wa ndani. Ute usipokauka, daktari anaweza kuweka kijibomba kidogo katika ngoma ili hewa iingie, pengine pamoja na kuondoa nyama za nyuma ya pua.

Ikifikia upasuaji, kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyataje mwenyewe, hata kama unadhani daktari anayajua. La kwanza ni kwamba katika akondroplasia mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya sikio unaweza kuwa umepanda juu kuliko kawaida, wakati mwingine bila ukuta wa mfupa wa kuukinga, kwa hiyo anayetoboa ngoma lazima awe mwangalifu sana. La pili ni kwamba tundu la chini ya fuvu, unapopita uti wa mgongo, linaweza kuwa jembamba, hivyo shingo isikunjwe nyuma kwa nguvu anapolazwa kwa dawa ya usingizi.

Na hata masikio yakikauka, mpeleke akapimwe kila mwaka katika utoto wake wote. Kipimo cha kwanza kilipaswa kufanyika alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, bado hujachelewa.

Kuhusu maneno ya mama mkwe: akondroplasia humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 25,000 wanaozaliwa, na kati ya watoto 10 wa namna hiyo, 8 hivi wana wazazi wenye urefu wa kawaida. Chanzo ni badiliko katika jeni iitwayo FGFR3, jambo lililojulikana mwaka 1994, na kwa wazazi kama ninyi badiliko hilo hutokea jipya, mara nyingi katika mbegu ya baba. Sisemi hivi ili lawama ihamie kwa mume wako. Hakuna aliyefanya kosa lolote, si yeye, si wewe, wala ukoo wowote kati ya hizo mbili, na natamani barua hii isomwe kwa sauti mbele ya familia nzima.

Swali: *Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mkazi wa Kasese. Utotoni nilivunjika mifupa mara saba, na weupe wa macho yangu una rangi ya samawati. Nafanya kazi katika kinu cha kusaga mahindi. Kwa miaka mitano hivi usikivu unanipungua, na simu siwezi tena kuisikiliza kwa sikio la kushoto. Binti yangu wa miaka mitano ameshavunjika mkono mara mbili, na macho yake ni kama yangu. Je, naye atakuwa kiziwi? Na mimi nitapona?*

Jibu: Ndugu yangu, uliyoyaandika yanafanana sana na hali iitwayo osteojenesisi imperfekta, yaani mifupa inayovunjika kirahisi, ingawa daktari atakayekuona kwa macho ndiye wa kuithibitisha. Kwa wagonjwa wengi chanzo kiko katika jeni mbili, COL1A1 na COL1A2, zinazotoa maelekezo ya kutengeneza kolajeni ya aina ya kwanza, protini inayoupa mfupa uimara wake kama vile fito zinavyoushika udongo wa ukuta. Protini hiyo iko pia katika ganda jeupe la jicho. Ganda likiwa jembamba, rangi ya ndani hupenya, na ndiyo samawati unayoiona kwenye kioo.

Kikuku, kifupa cha mwisho cha sikio la kati, kina kimo cha takriban milimita 3 na ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Hukaa katika kidirisha cha sikio la ndani na kutikisika kila sauti inapofika. Katika hali yako, miguu ya kikuku inaweza kukonda au hata kukatika, na kitako chake kinaweza kugandamana na kidirisha kikashindwa kutikisika. Baadaye sikio la ndani lenyewe linaweza kudhoofika. Takriban nusu ya watu wazima wenye hali hii hupungukiwa na usikivu, na kwa wengi huanza katika miaka ya ishirini au thelathini, kama ilivyokuwa kwako.

Kipimo kimoja utakachofanyiwa ni cha chuma chenye ncha mbili kinachogongwa kikalia. Kwanza kitashikwa mbele ya sikio lako la kushoto, kisha kitako chake kitawekwa juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio. Ukikisikia kwa nguvu zaidi kinapogusa mfupa kuliko kinapolilia hewani, basi kizuizi kiko njiani, kwenye ngoma au kwenye vifupa, na sikio la ndani bado lina uhai wa kutosha. Hiyo ni habari njema kwa mgonjwa, kwa sababu kifaa cha kusikia humsaidia sana mtu wa namna hiyo. Upasuaji wa kubadilisha kikuku upo pia, lakini katika mifupa dhaifu ni kazi ngumu kuliko kwa mtu mwingine, na ningekusihi usikubali kufanyiwa na mtu asiyewahi kumpasua mgonjwa wa aina yako. Usikivu wa sikio la ndani ukipotea kabisa, kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa kwa upasuaji katika sikio la ndani, kinawezekana, ila gharama yake kwa familia nyingi za kwetu ni kubwa mno.

Hili hukuliuliza, lakini kinu kinanitia wasiwasi. Kelele inayozidi desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku huharibu sikio la mtu yeyote, na mashine za kusaga huvuka kiwango hicho bila shida. Sikio lako halina akiba ya kupoteza. Vaa vizibo vya masikio, na kama unaweza kubadilishana na mwenzako ukae kwenye mizani au kwenye daftari badala ya karibu na injini, fanya hivyo. Ukilazwa kwa ugonjwa mwingine, mwambie daktari kwamba masikio yako ni dhaifu, maana zipo dawa, kama jentamaisini, ambazo hutumiwa inapolazimu tu kwa mtu kama wewe.

Binti yako alikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata jeni hiyo, na dalili unazozitaja zinaonyesha kwamba huenda ameipata. Hata hivyo wingi wa kuvunjika hautabiri usikivu: wapo waliovunjika mara nyingi wakazeeka wakisikia vizuri, na wapo waliovunjika mara moja wakapoteza usikivu mapema, hata ndani ya familia moja. Apimwe sasa kabla hajaanza darasa la kwanza, matokeo yahifadhiwe katika daftari lake la hospitali, kisha apimwe tena kila baada ya miaka michache.

Swali: *Kwetu karibu na msitu wa Mabira, wazee humwita mtu mfupi nakalanga na kusema kwamba ni roho ya msituni. Je, hao wote wana ugonjwa mmoja, na wote huwa viziwi?*

Jibu: La, si ugonjwa mmoja. Hali iliyopewa jina hilo na madaktari ilielezwa mwaka 1950 katika maeneo ya Jinja na Mabira, na imehusishwa na usubi, yaani ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa mitoni. Mtoto huyo huzaliwa mzima kisha ukuaji wake hukwama baada ya miaka michache. Mwenye akondroplasia hutambulika tangu kuzaliwa kwa mapaja mafupi na paji la uso lililojitokeza.

Yapo pia matatizo mengine ya vinasaba, na kila moja hugusa sikio kwa njia yake. Kuna kundi ambalo mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha sukari ngumu ambazo mwili umeshindwa kuzivunja hujikusanya mwilini. Uso wake hunenepa, viungo hukakamaa, na masikio hujaa ute mara kwa mara. Kuna lingine linalotokana na kasoro ya kolajeni ya aina ya pili, iliyo katika gegedu, katika ute wa jicho na katika sikio la ndani, kwa hiyo mtoto mwenye kimo kifupi na macho yasiyoona mbali apimwe usikivu bila kuchelewa. Wengi wenye ufupi husikia vizuri. Na neno *nakalanga*, kama lilivyo neno *mbilikimo* katika Kiswahili, likiitwa mtoto njiani linamuumiza. Mwiteni kwa jina lake.

Swali: *Ninafundisha darasa la tatu la shule ya msingi hapa Bombo. Nina mwanafunzi wa kiume mwenye kimo kifupi sana, ana miaka kumi. Nikimwita hajibu mpaka nipandishe sauti, maagizo anayafuata nusu, na siku nyingine ananikazia macho tu. Nilikuwa nikimwadhibu kwa utukutu, mpaka mwenzangu akaniambia huenda hasikii. Nimejisikia vibaya sana. Darasa lina watoto zaidi ya themanini. Nifanye nini?*

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika. Kwanza zungumza na wazazi wake ili apelekwe kupimwa, na uwaandikie kwenye karatasi yale uliyoniandikia, kwa sababu maelezo ya mwalimu humsaidia mpimaji kuliko mnavyodhani. Andika pia kama hali hubadilika, kwa kuwa ute wa sikio la kati hupungua na kurudi, na mtoto yuleyule aliyejibu vizuri Jumatatu anaweza asisikie Alhamisi, jambo linalowafanya watu wazima waamini kwamba anachagua la kujibu.

Bila shaka umemweka mbele kwa ajili ya kimo chake. Akae hapohapo, lakini upande ambao sikio lake zuri linaelekea kwako, mbali na dirisha la barabarani. Sema ukiwa umemtazama, usiseme ukiwa umegeukia ubao. Kupaza sauti sana kunavuruga midomo yako na kumnyima alichokuwa akikisoma usoni; sauti ya kawaida, karibu naye, inatosha. Mpe kibao imara cha kuwekea miguu, maana miguu inayoning'inia kutwa humchosha, na aliyechoka hawezi kusikiliza kwa bidii ambayo yeye anahitaji. Ukitoa agizo, usimuulize kama amesikia, kwa sababu atasema ndiyo. Mwambie akurudie ulichosema.

Akipewa kifaa cha kusikia, wenzake waonyeshwe siku ya kwanza na waambiwe kinafanya nini, na wewe ujifunze kubadilisha betri yake. Akionekana kuhitaji lugha ya alama, msiiogope, haimzuii mtoto kusema, na Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995 iliitambua na kutaka iendelezwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inamlinda kwa kimo chake na kwa usikivu wake pia, kwa hiyo mwalimu mkuu aanze mapema kuweka nyaraka za hospitali, ili wakati wa mtihani wa darasa la saba shule iweze kumwombea muda wa nyongeza kwa baraza la mitihani.

Mvua ikianza kupiga bati, acha imla na kusoma kwa sauti. Chukua chaki uandike ubaoni, naye mpe ishara ya mkono kwamba sasa kila kitu kitaandikwa, asiendelee kuhangaika kusikiliza. Kuhusu adhabu ulizompa, mwite faraghani, kaa kwenye dawati ili macho yenu yawe sawa, umwambie kwamba hukujua kuwa hasikii.